Maswali ya Wasomaji: Kipoza oili cha gia boksi ya otomatiki kwenye pikapu

Barua za safari hii zote zinahusu joto la gia boksi ya otomatiki kwenye pikapu za kazi, na kipoza oili cha nje, kile ambacho mafundi wengi hukiita oili kula. Tunaanza na swali linaloulizwa zaidi.

SWALI: Nina Hilux 3.0 D-4D otomatiki ya mwaka 2008. Nikitoka Dar na mifuko 20 ya saruji, nikikaribia kumaliza mlima wa Kitonga taa ya A/T OIL TEMP (joto la oili ya gia boksi) inawaka, halafu baada ya muda inazima yenyewe. Fundi wangu anashauri kipoza cha nje ila hajawahi kukifunga. Naomba maelekezo kamili ili tusaidiane naye. (Msomaji, Makambako)

JIBU: Fundi wako amekushauri vema. Kazi hii si ngumu, inamalizika kwa nusu siku, lakini ikifungwa ovyo inaua gia boksi haraka kuliko mlima wenyewe.

Kwanza ujue joto linatoka wapi. Kwenye otomatiki nguvu ya injini hupitia toki konveta, na kinachosukuma humo ni oili. Ukiwa mlimani na mzigo, kwa mwendo wa pole, konveta haijifungi, yaani pande zake mbili hazishikani: upande wa injini unazunguka kasi, upande wa gia boksi unajivuta, na tofauti yote hiyo inageuka joto. Oili hii hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Ikifika 120 huanza kuacha utando kama vanishi kwenye vali. Ikikaribia 150, sili hukakamaa na sahani za klachi za ndani huanza kuungua. Taa uliyoiona haiwaki mapema, kwa hiyo usifarijike kwamba inazima yenyewe. Ikiwaka tena, egesha mahali salama, weka P na uiache injini iungurume bila mzigo hadi taa izime. Wengi huzima injini hapohapo, nalo ni kosa: pampu inasimama na oili ya moto inabaki imetuama palepale ilipo.

Gari lako limetoka kiwandani na kipoza chake, mrija uliozama ndani ya tenki la rejeta. Oili hutoka kwenye gia boksi, hupita humo, hurudi. Shida ni kwamba maji ya rejeta yenyewe yana nyuzi 85 hadi 95, na mlimani huzidi. Kipoza cha nje hutumia upepo, na hata upepo wa mchana wa Ruaha Mbuyuni, penye joto kali kabla ya Kitonga, uko chini sana ya hapo.

Ndiyo maana mahali pa kukiunga ni baada ya rejeta, kwenye njia ya kurudi. Ukikiunga kabla ya rejeta, upepo unapoza oili mpaka nyuzi 70, kisha inaingia kwenye maji ya nyuzi 90 na kupashwa moto upya. Gari halitaharibika kwa hilo, ila utakuwa umelipia kifaa kisichokusaidia.

Kuitambua njia ya kurudi: asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa, kanyaga breki, weka D kwa dakika moja hivi, rudisha P, zima. Gusa mabomba mawili yanayotoka gia boksi kwenda kwenye rejeta. Lililoanza kupata uvuguvugu ndilo la kutoka. Lililobaki baridi ndilo la kurudi. Kwa uhakika zaidi, chomoa kwenye rejeta hozi ya hilo unalodhani ni la kurudi, kinga chupa, na mwenzako awashe kwa sekunde mbili tu. Oili ikirushwa na ncha ya rejeta, mmepatia. Ikirushwa na hozi, mmeshika bomba lisilo lenyewe.

Vifaa: kipoza cha sahani zilizopangana, kiasi cha sentimita 28 kwa 20. Kipo pia cha mrija uliokunjwakunjwa wenye mapezi, ni rahisi kwa bei, lakini kwa ukubwa uleule hakipozi sawa na cha sahani. Hozi ya oili ya otomatiki mita 2, yenye maandishi SAE J1532 ubavuni. Pima mabomba yako kwa kalipa kabla ya kwenda dukani, maana hozi iliyopwaya hata nusu milimita haitaokolewa na klempu. Klempu sita, za ile aina yenye ukanda mzima usio na matundu; zile zenye matundu hukata mpira taratibu kila zinapokazwa. Bapa la alumini la unene wa milimita 3 kwa ajili ya breketi, boliti za M6 na nati za kujifunga, raba za kutuliza mtikisiko, na lita 2 za oili.

Kuhusu oili, jina linaloruhusiwa kwa kawaida limeandikwa kwenye stiki (kijiti cha kupimia oili) au kwenye kitabu cha gari. Toyota ina T-IV na ina WS, nazo ni oili mbili tofauti kwa uzito. Muuzaji akikuambia zote ni haidroliki, nunua kwingine.

Fungua shoo ya mbele. Kipoza kinakaa mbele ya kondensa (kipoza gesi) ya AC, kikiachiwa nafasi ya sentimita moja hivi. Vifurushi vingi huja na vijiti vya plastiki vya kupenyeza kwenye mapezi ya kondensa na rejeta. Vitupe. Barabara ya vumbi na matuta huvifanya visuguane na mapezi mpaka vitoboe mrija wa kondensa, na siku hiyo gesi ya AC itakwisha yote. Tengeneza breketi mbili za bapa, zishike kwenye fremu ya rejeta juu na chini, kipoza kikae juu ya raba. Ncha zake za kuungia hozi zielekee juu au pembeni. Zikielekea chini, hewa hunasa juu na sehemu ya kipoza haipati oili.

Sasa hozi. Toka nchani mwa rejeta kwenye njia ya kurudi, ingia kipoza. Toka kipoza, rudi kwenye bomba la chuma la gia boksi. Kwa kuwa kiwanda kimeweka kipande cha mpira kati ya rejeta na bomba, hakuna haja ya kukata chuma. Fundi akilazimika kukata, ncha mpya lazima ivimbishwe kwa kifaa cha kutanulia, maana hozi haishiki kwenye bomba laini hata ukaze vipi. Ingiza hozi sentimita 2.5 nzima, klempu ikae nyuma ya uvimbe. Kona ziwe pana. Hozi ikijikunja kama mrija wa soda uliobonyea, oili haipiti, na gia boksi inaungua huku umefunga kipoza kipya. Kila inapopita kwenye tundu la bati weka grometi (pete ya kinga) ya mpira, na ikae mbali na ekzosi, mikanda na mapanga ya feni.

Ongeza nusu lita ya oili kabla ya kuwasha, kwa sababu kipoza na hozi zimeongeza nafasi. Washa, pitisha gia kutoka P hadi L na kurudi, kila moja sekunde tatu, huku mguu uko kwenye breki. Kagua maungio yote kwa tochi. Kisha endesha kilomita 15, egesha mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma kwenye P, usome stiki kwenye alama za HOT. Ongeza kidogokidogo. Oili pungufu huifanya pampu ivute hewa. Ikizidi, gia zinazozunguka huipiga mpaka itoe povu, na povu halisukumi klachi. Dalili ni ileile kwa makosa yote mawili: gia inachelewa kushika, injini inapaa bila gari kuongeza mwendo.

Pikapu mpya nyingi hazina stiki. Hizo hupimwa kwa nati ya chini ya gia boksi, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kitabu cha gari, nalo husomwa kwa kompyuta ya kupimia. Kubahatisha hapo hakufai.

Baada ya kilomita 100 kaza klempu upya. Na ukipanda Kitonga, zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) au shusha gia mapema. Gari linaloruka kati ya gia ya 3 na ya 4 kila kona linafungua na kufunga konveta kila mara, na joto linapanda bure.

SWALI: Navara yangu ya umbo la D40 ilianza kutetemeka kwenye mwendo wa 60. Fundi alipochomoa stiki ya gia boksi, oili imekuwa ya waridi nzito, kama maziwa ya stroberi. Nikifunga kipoza cha nje sasa itapona? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole sana. Usiiwashe tena hata kuisogeza uani. Mrija wa kupoza oili ulio ndani ya rejeta umetoboka, maji ya rejeta na oili vimechanganyika. Udhaifu huu unajulikana kwa Nissan za familia hiyo. Marekani, ambako ndugu zake huitwa Frontier, Pathfinder na Xterra, za miaka ya 2005 hadi 2010, jambo lilifika mahakamani.

Maji na kizuia kutu hulainisha gundi inayoshikilia karatasi kwenye sahani za klachi. Karatasi zikibanduka, hakuna oili itakayozirudisha. Kwa hiyo yote yanategemea umeendesha kiasi gani. Tone moja kwenye tishu nyeupe litakuonyesha: oili safi hutanda nyekundu, iliyoingia maji hubaki na kitovu cha waridi chenye mawingu na duara la unyevu pembeni.

Kama mtetemo ulianza jana tu, badilisha rejeta, osha gia boksi, ujaribu bahati yako. Kuosha si kumwaga sampo (bakuli la oili la chini) mara moja. Gia boksi hiyo inabeba takribani lita 10, na ukimwaga unapata karibu nusu. Iliyobaki imo ndani ya konveta. Itabidi umwage, ujaze, uzungushe, umwage tena, mpaka tone kwenye tishu litoke safi. Kama uliendesha wiki nzima hivyo, iandalie gia boksi kufunguliwa na kuwekwa sahani mpya, na usimlaumu fundi.

Kipoza cha nje hapa ni cha kinga, nacho kwenye D40 nzima bado tungekifunga leo. Tofauti na jibu la kwanza, wewe iruke rejeta kabisa: oili itoke gia boksi, iende kwenye kipoza cha nje, irudi. Ncha mbili za rejeta zizibwe kwa vifuniko. Kwa joto la Mombasa hutakosa chochote, ila chagua kipoza kikubwa zaidi, kwa sababu sasa kinafanya kazi yote peke yake.

SWALI: Huku Kinangop asubuhi ni baridi kali. Kipoza hakitaifanya oili iwe nzito na gia zichelewe? (Msomaji, Kenya)

JIBU: Ukikiunga baada ya rejeta, maji ya injini yanaipasha oili kwanza, na kwa kawaida inatosha. Ukitaka utulivu zaidi, weka vali ya joto kwenye hozi: oili baridi inakatisha njia na kurudi gia boksi bila kupita kwenye kipoza, na vali hufunguka oili inapopata joto. Usifunike kipoza kwa boksi la karatasi. Watu husahau kulitoa.

SWALI: Tunaingia na pikapu kwenye mchanga wa Sharqiya wikiendi. Kipoza kipo, lakini joto linapanda vilevile. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kwenye mchanga gari linakwenda polepole na konveta haifungi, hivyo joto ni jingi na upepo ni haba. Punguza upepo wa matairi hadi 15 psi hivi na utumie 4L (magurudumu manne, gia nzito). Hilo peke yake hupunguza kazi ya konveta sana. Kisha ongeza feni ndogo ya umeme nyuma ya kipoza, yenye rilei, fyuzi yake na swichi ya joto, au uhamishie kipoza na feni yake chini ya bodi penye nafasi. Waya wa feni usiunganishwe moja kwa moja na swichi ya ndani. Mkondo wake huiyeyusha.

SWALI: Gia boksi iliungua, nimenunua ya mtumba kutoka Japani. Fundi anataka kurudisha kipoza cha zamani baada ya kukiosha kwa petroli. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Mkatalie kwa upole. Gia boksi iliyoungua ilijaza kipoza unga wa klachi na chembe za chuma, na kwenye njia nyembamba za sahani hakuna petroli inayozitoa zote. Zitatoka polepole na kuingia moja kwa moja kwenye vali za gia boksi yako mpya. Weka kipoza kipya, mabomba ya chuma yapulizwe kwa dawa na hewa ya kompresa pande zote mbili, na ufunge kichujio kidogo chenye sumaku kwenye njia ya kurudi. Kibadilishe baada ya kilomita 1,000 za kwanza, ukipasue uone kilichonaswa. Mrija wa ndani ya rejeta nao una uchafu uleule, hivyo rejeta ibadilishwe au irukwe.

SWALI: Hozi walizonifungia ni za maji ya rejeta, lakini hazivuji. Niziache? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hapana. Mpira wa maji hunywa oili, huvimba na kulainika kwa ndani, kisha huteleza chini ya klempu oili inapokuwa ya moto kabisa, yaani mlimani na mzigo. Pampu humwaga oili yote njiani ndani ya muda mfupi. Minya hozi karibu na klempu: ikibonyea kama ndizi mbivu, gari lisitoke uani kabla haijabadilishwa.