Maswali ya Wasomaji: Kumbadilisha Muuzaji wa Umeme kwa Njia ya Zabuni

Swali: Mhariri, salaam. Mimi na kaka yangu tunaendesha kiwanda cha mikate hapa Leicester chenye wafanyakazi 32. Tanuri zetu ni za umeme, na kazi kubwa hufanyika usiku. Mkataba wetu wa umeme unaisha mwezi Machi mwakani, na muuzaji tuliye naye ametuletea bei mpya inayotutisha. Mhasibu wetu anashauri tuitishe zabuni badala ya kukubali bei ya kwanza tunayopewa. Je, kampuni ya ukubwa wetu inaweza kufanya hivyo, na kazi yenyewe huanzia wapi?

Jibu: Inaweza, na mhasibu wenu amewashauri vyema. Uingereza ilianza kuwafungulia wateja wa biashara soko la umeme mwaka 1990, ikianza na wale wanaovuta zaidi ya megawati 1. Mwaka 1994 wakafuata wanaovuta zaidi ya kilowati 100, na kufikia 1999 kila mteja alikuwa huru kuchagua wa kumuuzia. Kinachobadilika mnapohama ni jina lililo juu ya ankara, bei na masharti. Nyaya zinabaki zile zile, na mafundi wanaokuja umeme ukikatika ni wale wale, kwa sababu wao ni wa kampuni ya mtandao ya eneo lenu, ambayo haihusiki na zabuni yenu hata kidogo. Hofu ya kufika kazini na kukuta tanuri zimezimika kwa sababu ya kuhama haina msingi.

Jambo ambalo ningependa lieleweke mapema ni kwamba kikomo cha bei ambacho mdhibiti wa soko, Ofgem, hukitangaza kila baada ya miezi mitatu ni cha kaya. Biashara hazimo. Serikali iliwahi kuingilia kati bei zilipopanda kupita kiasi, na kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023 ikashusha bei ya jumla ya umeme (ile ambayo wauzaji wenyewe hununulia sokoni) kwa biashara hadi pauni 211 kwa megawati-saa, lakini hiyo ilikuwa hatua ya dharura na ilikwisha. Katika siku za kawaida kinga ya mfanyabiashara ni mkataba aliousaini, na zabuni ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba mkataba huo umeshindaniwa.

Kazi huanzia kwenye mkataba mlio nao sasa. Tafuteni kifungu cha notisi, kwa sababu mikataba ya biashara hutofautiana sana: mmoja hudai siku 30, mwingine 90, na mwingine hujirefusha wenyewe kwa bei atakayoipanga muuzaji iwapo hamkuandika kwa wakati. Pelekeni notisi ya maandishi hata kabla hamjaamua kuhama, kisha hifadhini jibu la kuthibitisha kwamba imepokelewa. Notisi haiwazuii kubaki kwa muuzaji huyo huyo endapo atashinda zabuni. Inachofanya ni kumnyima nafasi ya kuwafunga bila ushindani. Hakikisheni pia hakuna deni, maana muuzaji wa sasa ana haki ya kupinga kuhama kwa mteja anayedaiwa au ambaye muda wa mkataba wake haujaisha. Mkataba ukiisha bila mwingine kuanza, mtaangukia bei ya wasio na mkataba, ambayo kwa kawaida ni ya juu sana.

Hatua inayofuata ni takwimu, na hapa ndipo kiwanda kama chenu kina mali ambayo pengine hamjaitambua. Mita ya biashara inayovuta umeme mwingi husoma matumizi kila nusu saa, yaani mara 48 kwa siku, na mwaka mzima hutoa masomo 17,520. Mwombeni muuzaji wa sasa awapatie faili la miezi 12 iliyopita, pamoja na namba ya MPAN, ambayo ndiyo kitambulisho cha mahali umeme unapoingilia na imechapishwa kwenye kila ankara. Ada ya kusafirisha umeme kwenye mtandao wa eneo hupanda na kushuka kwa saa, na katika maeneo mengi ya nchi kipindi kilicho ghali kuliko vyote huangukia kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwokaji anayewasha tanuri saa nne usiku na kuzizima alfajiri anatumia mtandao wakati ambapo wengi wamelala na ada iko chini. Mzabuni aliyeona faili la nusu saa anaweza kuupangia bei mwenendo huo. Asiyeliona atawakadiria kama mteja wa wastani, na sehemu ya unafuu wenu mtakuwa mmempa bure. Kwa hiyo kila anayealikwa apewe faili lile lile, katika muundo ule ule.

Kisha andikeni waraka wa mwaliko. Ukurasa mmoja au miwili inatosha, mradi uwalazimishe wote kupangia bei kitu kimoja: tarehe ya kuanza, matumizi ya mwaka, urefu wa mkataba (ombeni bei za miezi 12, 24 na 36 kwa pamoja), njia ya kulipa, na aina ya bei. Hapo kwenye aina ya bei msikubali maneno ya jumla. Kuna bei iliyofungwa kikamilifu, ambamo muuzaji anabeba hatari ya ada za mtandao na tozo za sera za serikali kupanda, na kuna bei ambamo umeme wenyewe tu ndio uliofungwa, huku ada nyingine zikipitishwa kwa mteja kama zilivyo. Ya pili huonekana nafuu siku ya kufungua zabuni kwa sababu sehemu ya gharama haimo. Kampuni yenye mtu wa kukagua ankara kila mwezi inaweza kufaidika nayo. Kwenu, ambao mwahitaji kujua mapema mkate utauzwa kwa bei gani, ningeshauri ile iliyofungwa, na ningetaka mzabuni aandike waziwazi ni mazingira gani yatamruhusu kuifungua. Ulizeni pia kuhusu kiwango cha kupungua au kuzidi kwa matumizi. Mikataba mingine hutoza ada iwapo mtatumia pungufu ya makadirio kwa zaidi ya asilimia fulani, na kiwanda kinachofikiria kubadilisha tanuri au kuweka sola hakipaswi kusaini kifungu hicho bila kujadiliana.

Siku ya kupokea bei ina utaratibu wake, na wengi huharibikiwa hapa. Muuzaji hupanga bei kwa kutazama soko la jumla, ambalo hubadilika siku nzima, kwa hiyo ofa nyingi hudumu hadi jioni tu au siku chache. Ofa ya Jumatatu na ofa ya Alhamisi haziwezi kulinganishwa kwa haki, kwani huenda tofauti yake ni ya soko na si ya wazabuni. Tajeni siku moja na saa moja kwa wote, kwa mfano Jumanne kabla ya saa tano asubuhi, na hakikisheni mwenye mamlaka ya kusaini yupo ofisini mchana ule. Mkurugenzi akiwa safarini, ushindi wa asubuhi unaweza kuwa umekwisha muda wake kesho yake, na mzabuni ana haki ya kuleta bei nyingine.

Katika kulinganisha, msitazame bei ya uniti peke yake. Chukueni mfano wa kiwanda kinachotumia uniti 400,000 kwa mwaka. Mzabuni wa kwanza anataka peni 24 kwa uniti na ada ya pauni 12 kwa siku. Wa pili anataka peni 23.5 na ada ya pauni 32 kwa siku. Wa pili ndiye anayevutia macho. Lakini gharama ya mwaka kwa wa kwanza ni pauni 96,000 jumlisha 4,380, yaani 100,380, na kwa wa pili ni 94,000 jumlisha 11,680, yaani 105,680. Mwenye bei ndogo ya uniti ndiye ghali, kwa pauni 5,300. Tangu ada nyingi za mtandao zihamishiwe kwenye malipo ya kila siku, mwaka 2022 na 2023, hesabu ya namna hii imekuwa ya lazima. Wekeni kila ofa katika mstari mmoja wa gharama kamili ya mwaka, kabla ya kodi, kisha ndipo mtazame masharti, uwezo wa kifedha wa kampuni na namna inavyohudumia wateja. Uwezo wa kifedha si jambo la kupuuzwa: kati ya 2021 na 2022 wauzaji zaidi ya ishirini walifilisika nchini, na ingawa Ofgem huwahamishia wateja kwa muuzaji mwingine bila umeme kukatika, bei iliyofungwa hufa pamoja na kampuni iliyoifunga.

Mkiwa mnapitia ankara, tazameni pia uwezo uliokubaliwa, yaani kiwango cha juu cha umeme mnachoruhusiwa kuvuta kwa wakati mmoja, unaoandikwa kwa kVA. Kama mmelipia kVA 250 miaka yote na kilele cha matumizi yenu hakijawahi kupita 160, zungumzeni na kampuni ya mtandao kuhusu kuupunguza, kwa sababu hakuna mzabuni atakayewaondolea gharama hiyo. Fanyeni hivyo kwa uangalifu, kwani kuurudisha baadaye kunaweza kudai malipo mapya.

Swali: Nina mgahawa London. Kila wiki napigiwa simu na madalali wa umeme, na mmoja aliniambia atanitafutia bei kwa kushindanisha makampuni bila kunitoza chochote. Nilisema "sawa" kwenye simu, na sasa naambiwa nina mkataba wa miaka mitatu. Je, nimefungwa?

Jibu: Pole sana, dada. Kwa bahati mbaya, makubaliano ya mdomo kwenye simu yanaweza kuwa mkataba halali wa biashara, na siku 14 za kubadili nia ambazo sheria huwapa watumiaji wa nyumbani haziwahusu wafanyabiashara. Omba leo hii, kwa maandishi, nakala ya rekodi ya mazungumzo na ya masharti muhimu uliyosomewa. Ikiwa hukutajiwa muda wa mkataba, au ulielezwa jambo lisilo kweli, una hoja ya kulalamika. Anza na dalali na muuzaji wenyewe. Wasipokuridhisha ndani ya wiki nane, peleka shauri Energy Ombudsman, chombo huru kisichotoza mlalamikaji. Mlango huo ulikuwa wa biashara ndogo kabisa zenye wafanyakazi chini ya 10, na Desemba 2024 ulipanuliwa kwa zile zenye wafanyakazi chini ya 50, kwa masharti ya mapato.

Kuhusu huduma ya "bure": dalali hulipwa, na anayemlipa ni wewe, kwa kawaida kupitia nyongeza ndogo iliyofichwa ndani ya bei ya uniti. Peni 1 kwa uniti, kwa mgahawa unaotumia uniti 60,000, ni pauni 600 kwa mwaka na 1,800 kwa miaka mitatu. Si kosa kumlipa dalali mwaminifu, kwani kuendesha zabuni ni kazi. Kosa ni kutojua unamlipa kiasi gani na amewaalika wangapi. Tangu Oktoba 2024 muuzaji anatakiwa kuwaonyesha wateja wote wa biashara kiasi anachopewa dalali katika mkataba wao, kwa hiyo lidai hilo. Siku nyingine mtu akikuomba barua ya idhini, isome kwanza: inayomruhusu kuomba takwimu na bei kwa niaba yako inatosha, na inayomruhusu kusaini mkataba kwa jina lako usiitoe.

Swali: Bwana Mhariri, nina hoteli ndogo Mombasa. Naweza kuitisha zabuni nihame kutoka Kenya Power?

Jibu: Kwa umeme wa gridi, bado huna muuzaji mwingine wa kumwendea, ingawa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imefungua mlango wa ushindani katika rejareja. Unachoweza kushindanisha leo ni sola ya paa. Alika makampuni kadhaa, wape ankara za miezi 12 na ruhusa ya kupima paa siku moja, kisha omba bei mbili kutoka kwa kila mmoja: ya kukuuzia mtambo moja kwa moja, na ya kuumiliki yeye huku wewe ukinunua umeme wake kwa uniti kwa miaka kadhaa. Katika njia ya pili, bei ya mwaka wa kwanza si kipimo. Uliza inapanda kwa asilimia ngapi kila mwaka, imefungwa kwa shilingi au kwa dola, mtambo ukizalisha pungufu ya ahadi nani analipa, na ukitaka kuununua katika mwaka wa tano utauziwa kwa kiasi gani. Kwa kuwa uko pwani, dai kwa maandishi kwamba fremu na vifungio vinastahimili hewa ya chumvi, na dhamana iseme hivyo waziwazi. Na kama jengo ni la kupanga, ridhaa ya mwenye nyumba itangulie mwaliko, kwa sababu mzabuni makini hatapanga bei ya miaka kumi na tano juu ya paa ambalo kodi yake inaisha baada ya mitatu.