Re: Vilele viwili kwenye spektra, je, ni muungano imara?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umeweka vijiti vya nano vya fedha juu ya tabaka moja la WS2 (salfidi ya tungsten, semikondakta), mwanga uliotawanywa unaonyesha vilele viwili vilivyoachana kwa meV 60 (meV ni sehemu ya elfu ya eV, kipimo cha nishati), na unauliza kama eksitoni (jozi ya elektroni na tundu ndani ya WS2) na plasmoni (mtikisiko wa pamoja wa elektroni kwenye kijiti) zimeungana kwa nguvu, yaani zinabadilishana nishati upesi kuliko zinavyoipoteza.

Usishangilie bado. Kwanza pima upana wa kilele cha kila kimoja kikiwa peke yake: kijiti bila WS2, kisha WS2 bila kijiti. Plasmoni ikiwa na meV 150 na eksitoni 30, wastani ni 90; mwachano wa vilele unatakiwa uuzidi wastani huo, na 60 yako haifiki. Mara nyingi mharibifu ni plasmoni, maana metali hupoteza nishati upesi mno.

Na hiyo 60 uliipimia wapi? Inahesabika pale tu nishati za plasmoni na eksitoni zinapolingana, karibu na eV 2 kwa WS2.

Mimi niliwahi kudanganywa na bonde lililo kati ya vilele viwili, kumbe ni mwingiliano wa mawimbi tu. Nilibadilisha urefu wa vijiti, nikachora vilele vyote viwili nione kama vinakwepana badala ya kukutana. Hata vikikwepana, angalia ufyonzaji pia. Bonde likiwepo kwenye mtawanyo peke yake, mimi nisingeliamini.

Tuwekee huo upana hapa tupige hesabu.