Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Wanyama Chini ya Bonsai

SWALI: Bonsai yangu, yaani mti mdogo unaokuzwa chunguni, ina kimo cha sentimita 40. Chini yake nimeweka kondoo watatu wa kauri, tembo mmoja na chura, lakini kila ninapoutazama mti huo naona kama kitu cha kuchezea watoto. Rafiki yangu anasema kwamba sanamu haziruhusiwi kabisa. Je, ni kweli? Na je, zinaweza kuudhuru mti?

JIBU: Rafiki yako amesema nusu ya kweli. Wajapani wengi huacha chungu kibaki na mti na kuvumwani (mimea midogo laini inayofunika udongo) tu, na sanamu, ikiwapo, husimama peke yake kando ya chungu wakati wa maonyesho. Kwa upande mwingine, katika penjing ya China, sanaa iliyotangulia bonsai, wavuvi, wazee na nyati wadogo wa udongo uliochomwa ni sehemu ya mandhari yenyewe, na wafinyanzi wa Shiwan, katika mji wa Foshan, wanajulikana sana kwa kazi hiyo. Basi hapa kuna mila mbili, na una uhuru wa kuchagua.

Kinachokusumbua, kwa maoni yangu, ni vipimo. Mti peke yake hauna ukubwa maalumu, kwa kuwa jicho huukadiria linavyopenda. Lakini ukishaweka mnyama anayejulikana, yeye ndiye anayemwambia mtazamaji urefu wa mti. Tuseme unataka mti wako uonekane kama mti wa mita 12, yaani mara 30 ya kimo chake halisi. Kondoo wa sentimita 75 atapaswa kuwa na sentimita mbili na nusu, na tembo wa mita tatu atafikia sentimita 10, ambayo ni robo ya mti mzima. Chura wa kweli, hata akiwa mkubwa wa sentimita tisa, atakuwa na milimita tatu tu, kwa hiyo chura wako, ambaye nashuku analingana na kondoo, ameugeuza mti wako kuwa kichaka. Samahani kwake, lakini lazima aondoke. Tembo naye nisingemwacha. Kondoo mmoja au wawili, wenye rangi iliyofifia, waliogeukia shina badala ya ukingo wa chungu, wanatosha.

Kuhusu madhara, kauri haina sumu kwa mizizi, ila sanamu nzito hugandamiza udongo, hukuzuia usione kama umekauka, na huwapa konokono mahali pa kujificha. Gundisha chini ya kila sanamu kipande cha waya wa alumini, ule ule wa kukunjia matawi, chenye urefu wa sentimita tatu hivi, kisha ukichomeke udongoni ili sanamu isilale juu ya kuvumwani. Epuka waya wa chuma kwa sababu utashika kutu. Sanamu isiyopakwa glezi, yaani ule utando wa kung'aa kama kioo, hunyonya maji, na mahali penye baridi ya kugandisha hupasuka, kwa hiyo iingize ndani kabla ya majira hayo. Madoa meupe yanayoachwa na maji yenye chokaa huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji na brashi laini, lakini ing'oe sanamu kwanza na uisafishe mbali na chungu, na ujaribu siki hiyo upande wa chini, kwa kuwa rangi iliyopakwa juu ya glezi inaweza kubanduka.