Mashine Nyumbani au Ada ya Jimu? Wasomaji wa Tanga Wanauliza

Swali: Asalaam aleikum wahariri. Mimi na mume wangu tunaishi Raskazone, nyumba ya kupanga, karibu kabisa na bahari. Kibubu chetu kimefika shilingi 1,500,000. Mwenzangu anataka tununue mashine ya kukimbilia, tuiweke barazani. Mimi naona bora tulipie jimu mwaka mzima, maana anayelipa mwaka anapunguziwa. Sote tumenenepa na hatujafanya mazoezi ya maana tangu tulipomaliza shule. Nani kati yetu ana haki?
*Mama wa watoto wawili, Raskazone*

Jibu: Wa aleikum salaam dada. Kwa sasa hakuna mwenye haki, na kibubu kisivunjwe mwezi huu. Nyote wawili mnataka kununua kitu kabla hamjajua ni zoezi gani mtalimudu wiki hadi wiki.

Jipeni wiki 6 za bure kwanza. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo wa kuhemesha kiasi kila wiki, na siku 2 za kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Tokeni alfajiri, shikeni njia ya Bombo hadi mjini na kurudi, kwa mwendo wa hatua kama 100 kwa dakika: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini kuimba huwezi. Siku 2 zisizofuatana, fanyeni mambo matatu ndani ya nyumba: kuketi na kuinuka kitini mara 10 bila kushika kitu, pushapu za kuegemea meza iliyo imara mara 8 hadi 10, na kuinama mgongo ukiwa umenyooka kisha kuvuta dumu la maji la lita 10 mpaka kiunoni, mara 10 kila mkono. Raundi 3, mkipumzika dakika moja na nusu kati ya raundi. Andikeni kwenye kalenda kila siku mliyofanya. Wiki 6 zikiisha mkakuta zaidi ya theluthi ya siku hazina alama, basi tatizo ni ratiba, na mashine haiwezi kulitatua.

Sasa hiyo mashine. Barazani hapana, tafadhali. Hewa ya Raskazone ina chumvi mwaka mzima, kusi ikivuma au kaskazi. Chumvi hunyonya unyevu na kuganda juu ya chuma, na juu ya kadi ya umeme iliyo chini ya kifuniko cha mota. Kutu ya nje mtaiona mapema, hasa kwenye skrubu na kwenye roli la nyuma. Ile ya kwenye kadi hamtaiona: mashine itaanza kusimama yenyewe, kioo kitaonyesha alama ya hitilafu, na fundi atawaambia kadi imekufa. Kupata kadi ya aina ileile ndiyo kazi ngumu, kwa sababu kila mtengenezaji ana yake.

Adui wa pili ni umeme unaopanda na kushuka. Msichomeke mashine ya aina hii ukutani moja kwa moja. Nunueni stabilaiza inayobeba wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na umeme ukikatika chomoeni waya kabla haujarudi.

Adui wa tatu ni ukavu. Mkanda huteleza juu ya ubao, na katikati yake hutiwa mafuta ya silikoni, kwa kawaida kila baada ya miezi 3 hivi au kama kitabu chake kinavyosema. Yakikauka, msuguano huongezeka, mota huvuta umeme mwingi, hupata joto, na mwisho kadi ileile huungua. Watu wengi hutia mafuta ya kupikia au ya cherehani. Hayo huharibu mkanda na kuugandisha vumbi. Mkanda ukihamia kushoto, kazeni boliti ya nyuma ya kushoto robo mzunguko, acheni mashine itembee taratibu dakika moja, kisha tazameni tena. Anayekaza mzunguko mzima kwa mara moja huuchana mkanda ubavuni.

Mkishakubali kazi yote hiyo na bado mnaitaka, soma vipimo kabla ya bei. Wa kutembea tu anatosheka na mkanda wa sentimita 120 kwa 40. Anayekimbia, hasa mrefu, anahitaji wa sentimita 140 kwa 50 na mota yenye nguvu endelevu ya farasi 2.5 au zaidi. Sisitizeni neno hilo, *endelevu*, kwa kuwa wauzaji hupenda kutaja nguvu ya juu kabisa ambayo mota huifikia kwa sekunde chache tu. Uzito wa mtumiaji ulioandikwa kwenye mashine uzidi wa mzito wenu kwa kilo 20. Nyuma ya mashine paachwe mita 2 wazi, kwa sababu anayeanguka hutupwa nyuma, na akikuta ukuta hubanwa kati ya ukuta na mkanda unaozunguka. Mna watoto wadogo, kwa hiyo ufunguo wa usalama utolewe kila mkimaliza na kufichwa. Mkanda huchuna ngozi ya vidole vya mtoto kwa muda mfupi sana.

Upande wa jimu, la mwaka mzima tunalikataa. Punguzo lina maana kwa mtu ambaye tayari ana mazoea. Lipeni mwezi mmoja, na mhesabu hivi: tuseme ada ni 50,000 kwa mtu na bodaboda kwenda na kurudi 2,000. Ukienda mara 12 kwa mwezi, kila safari inakugharimu kama 6,170. Ukienda mara 4, inapanda hadi 14,500. Umbali ndio unaoamua idadi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Jimu iliyo njiani kati ya kazini na nyumbani itawaona. Ile inayowalazimu kufika nyumbani, kubadili nguo na kutoka tena, itawaona wiki mbili za mwanzo.

Kabla ya kulipa, nendeni saa ileile mtakayokuwa mnakwenda. Saa 12 jioni ukumbi uliokuwa mtupu asubuhi huwa umejaa, na foleni ya benchi moja inaweza kukula nusu saa. Tazameni waya za chuma za mashine za kuvuta: zikiwa zimechanika nyuzi karibu na kapi, siku moja zitakatika na mzigo mkononi. Ulizeni kama mwalimu huwa anakaa na anayeanza mpaka ashike mkao sawa, au anakaa na simu. Kwa mtu ambaye hajawahi kunyanyua chuma, mwalimu huyo ndiye sehemu kubwa ya kile mnacholipia.

Ushauri wetu kwenu wawili, mkishamaliza zile wiki 6 vizuri: jimu miezi 3, kulipa mwezi kwa mwezi, mjifunze kuchuchumaa na mzigo, kuvuta, kusukuma na kuinua kutoka chini. Kisha nunueni dambeli za kuongeza na kupunguza sahani, na benchi moja. Kutembea endeleeni nako barabarani, ambako hakuna mkanda wa kupaka mafuta.

Swali: Shikamooni. Sisi vijana wa Makorora tunapiga vyuma vya zege, makopo ya rangi na bomba. Wenzetu wanaokwenda jimu wanasema vya zege havijengi mwili. Pia zege letu linapasuka na kopo moja limewahi kuchomoka. Tufanyeje?
*Kijana, Makorora*

Jibu: Marahaba. Msuli hautambui kama kilo 20 ni za chuma cha kiwandani au za kokoto. Unachohitaji ni mzigo unaoongezeka, na hapo ndipo zege lina kasoro: haliongezeki. Kwa hiyo tengenezeni jozi tatu au nne za uzito tofauti, na mkikwama kati ya jozi mbili ongezeni idadi za kunyanyua. Aliyekuwa anapiga 8 afike 15, ndipo ahamie bomba zito.

Uzito mnaweza kuukadiria kabla ya kumimina. Zege ni karibu kilo 2.4 kwa lita. Kopo la lita 4 hutoa kilo 9.5 hivi, la lita 10 hutoa kilo 24. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 1.8 ni kilo 4 na kidogo, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 yanawapa takriban kilo 23 au 24. Bado pimeni kila upande peke yake kwenye mizani ya dukani na muandike kwa rangi. Tofauti ya kilo moja na nusu kati ya kulia na kushoto inatosha kuupinda mgongo wa mtu anayenyanyua juu ya kichwa.

Kopo lilichomoka kwa sababu bomba ni laini na zege halina pa kulishika. Mwambieni fundi wa kuchomelea atoboe matundu mawili kwenye kila ncha, apitishe vipande vya nondo vya sentimita 12 kwa umbo la msalaba, avichomelee. Vikae katikati ya kopo. Mchanganyiko uwe saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3. Msitumie mchanga wa ufukweni, kwa maana chumvi yake italila bomba kutoka ndani. Maji yawe machache, zege lisimame kwenye koleo. Zege la majimaji ndilo linalopasuka likikauka. Piteni na kijiti kutoa hewa, simamisheni bomba wima kwa mbao, msubiri siku 2 kabla ya kugeuza na kumimina upande wa pili. Kisha funikeni kwa gunia bichi siku 7, mkilimwagia maji asubuhi na jioni. Ubora wake kamili huufikia siku ya 28. Kuanza kulitupa chini siku ya nne ni kulivunja. Hata likikomaa, wekeni tairi kuukuu la gari chini ya kila kopo.

Jambo moja msilifanye: kulala kwenye benchi na kusukuma bomba la zege peke yako. Sahani za kiwandani ukizidiwa unaweza kuinamisha upande mmoja zikamwagika. Kopo la zege halitoki, na bomba litakukaa kooni. Awepo mwenzako amesimama kichwani kwako kila mara, hata ukilala sakafuni, kwa kuwa makopo ya lita 4 na hata ya lita 10 ni mafupi mno kulizuia bomba lisikufikie kifuani.

Swali: Nina uzito mkubwa na magoti yanauma nikipanda ngazi. Jimu ya karibu na Ngamiani haina saa za wanawake peke yao na sijisikii huru. Ninunue nini?
*Dada, Ngamiani*

Jibu: Dada, uliza kwanza kama wanaweza kutenga saa moja asubuhi, saa 3 hadi saa 4, ambapo kumbi nyingi hukaa tupu. Mkienda wanawake 8 au 10 pamoja na ada mkononi, mmiliki atasikiliza zaidi kuliko ukienda peke yako. Mwalimu awe mwanamke, na mkubaliane kuhusu madirisha na kamera mapema.

Wakikataa, nunua baiskeli ya kusimama ya breki ya sumaku. Goti halipigwi kishindo, haihitaji umeme wa ukutani, na breki yake haigusi gurudumu kwa hiyo hailiki kama ile ya kipande cha ngozi au sufi. Kiti kipandishwe mpaka mguu ulio chini ubaki umekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini sana ndicho huwaumiza magoti watu wengi, wakadhani ni mashine. Anza dakika 10, ongeza dakika 2 kila wiki. Baada ya kila zoezi futa jasho kwa kitambaa kikavu, hasa penye boliti za kanyagio, maana jasho nalo ni chumvi.

Ongeza mpira wa kuvuta. Uhifadhi mahali pa kivuli na uukague kwa kuunyoosha mbele ya taa. Ukiona vijistari vya mpasuko, utupe. Ukikatika huruka usoni.

Swali: Nimepata mashine ya kukimbilia ya mtumba, bei nzuri, imeandikwa 110 V. Fundi anasema atabadilisha plagi tu.
*Msomaji, Pongwe*

Jibu: Plagi haibadilishi umeme. Wetu ni volti 230, na ukiichomeka itaungua papo hapo. Transfoma ya kupunguza ingebidi iwe ya wati 3,000, kwa kuwa mota huvuta sana inapoanza. Ni nzito, ina bei yake, na kadi ikifa hutapata nyingine kwa urahisi. Iache.

Swali: Mimi ni mstaafu, nina shinikizo la damu na natumia dawa. Wanangu wananitaka nijiunge na jimu. Ni salama?
*Baba, Mikanjuni*

Jibu: Shikamoo baba. Kwa wengi wenye hali kama yako mazoezi ni sehemu ya matibabu, ila pima kwanza. Ukisoma 180 juu au 110 chini, au zaidi, usianze. Rudi kliniki warekebishe dawa. Ikiwa chini ya hapo na daktari wako ameridhia, jimu inafaa, hasa kwa mashine za kukaa, kwa mzigo unaoweza kuunyanyua mara 12 hadi 15 bila kukaza meno. Pumua nje unaposukuma, vuta pumzi unaporudisha. Kubana pumzi hupandisha shinikizo ghafla sana. Usilale chali ukainuka kwa haraka, kwani baadhi ya dawa hizo husababisha kizunguzungu. Maliza kwa kutembea polepole dakika 5 hadi 10 badala ya kusimama ghafla. Na mwambie mwalimu majina ya dawa zako, kwa sababu zile za kupunguza kasi ya moyo, kama atenolol, hufanya mapigo yasipande inavyotarajiwa, na yeye akifuata namba za mashine atakusukuma kupita kiasi. Kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkononi, acha hapo hapo na upelekwe hospitali mara moja.