Kata mkia kwanza, ndipo umimine formalini

Juzi usiku, nimeshajilaza, binti mmoja wa Lindi akanitumia ujumbe. Sitamtaja jina. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nina minyoo arobaini wa baharini niliowachimba Kitunda ya huku Lindi kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho. Wote nimewahifadhi kwenye formalini. Sasa msimamizi anasema bila vinasaba kazi haipiti. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu na usingizi ukaniruka. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili, lakini kidonda ulichokigusa ni changu, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 2018 nilikuwa pale pale ulipo wewe leo. Nilikuwa nachimba Mikindani, maji ya bamvua yakishakupwa na matope yakabaki wazi mpaka mbali kabisa. Aliyenionyesha mahali pa kuchimba ni kaka mmoja anayeuza chambo kwa wavuvi wa mshipi. Siku ya kwanza aliniambia, bila kuulizwa: "Dada, wa kwenye mikoko na wa kule kwenye mchanga usiwachanganye. Yule wa mikoko ukimtia kwenye ndoana anakatika." Nikaitikia, nikaendelea kuchimba, na wote nikawatia kwenye ndoo moja. Minyoo 63. Jioni nikawamiminia formalini, nikaandika lebo moja: Mikindani, tarehe, jina langu. Nililala nikijiona mwanasayansi.

Mnyoo mwenyewe ukimtazama ni mzuri ajabu. Mgongo una rangi ya kahawia inayometameta kama mafuta juu ya maji, na pembeni, kuanzia pingili za mbele hadi karibu na mkia, kuna matamvua mekundu kama damu. Kichwani ana vipapasio vitano. Ufunguo wa J. H. Day wa mwaka 1967, yaani kitabu cha kutambulia spishi hatua kwa hatua, ambao huku kwetu wengi bado wanautegemea, ulinifikisha haraka kwenye jenasi Marphysa, na kutoka hapo nikadondokea kwenye Marphysa sanguinea. Sanguinea maana yake ya damu. Matamvua yalikuwa mekundu, jina lilisema damu, nami nikaridhika.

Msimamizi wangu hakuuliza swali. Tasnifu ikapita, nikapongezwa, mama akachinja kuku. Kisha nikaipeleka kazi kwenye jarida.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Mhakiki mmoja aliandika mistari minne tu, na mpaka leo naijua kwa moyo. Alisema mnyoo mwenye jina hilo alielezwa na Montagu mwaka 1813 kutoka pwani ya kusini mwa Uingereza, kwenye maji ya baridi. Akauliza nina ushahidi gani kwamba mnyoo yule yule anaishi kwenye mikoko ya kusini mwa Tanzania, na kama nina vinasaba. Niliumia. Si kwa kukataliwa, maana kukataliwa kupo. Niliumia kwa sababu swali lilikuwa rahisi, na kwa miaka miwili hapakuwa na mtu aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza.

Na kumbe majibu yalikuwa wazi kwa yeyote anayetafuta. Mwaka 2003 watafiti Hutchings na Karageorgopoulos walimteua mnyoo mpya wa Uingereza kuwa kielelezo rasmi cha jina hilo, kwa sababu lilikuwa linabandikwa kwa kila Marphysa anayefanana naye duniani. Afrika Kusini nao walimwita mnyoo wao wa chambo sanguinea kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 watafiti walipoweka maumbile na vinasaba pamoja, wakaona ni spishi nyingine, wakamrudishia jina lake la kale. Kinachonichoma zaidi ni hiki: katika ufunguo ule ule wa Day kuna Marphysa mossambica, iliyoelezwa na Peters mwaka 1854 kutoka Msumbiji. Msumbiji, jamani, ng'ambo tu ya Ruvuma! Mimi nikaruka jina la jirani nikakumbatia la Uingereza.

Basi nikasema vinasaba nitavipata. Baba alinipa sehemu ya fedha za korosho za msimu ule, nikapakia vichupa vyangu nikapanda basi hadi Dar. Kipande cha jeni ya COI, ile tunayoitumia kutofautisha spishi za wanyama, kina herufi za vinasaba kama 658, na ili mashine ikinakili lazima kiwe kizima. Formalini inafungamanisha vinasaba na protini, na kadiri siku zinavyokwenda inavikatakata. Tulijaribu mara tatu. Kila picha ya jeli, ambapo vinasaba vikinakilika huonekana kama mstari, ilitoka nyeusi, mstari mmoja tu wa ngazi ya vipimo pembeni, na kwangu hakuna hata kivuli. Fundi wa maabara alinitazama akasema, "Pole dada." Fedha za baba ziliishia pale.

Kwa hiyo ninapokwambia kata mkia kwanza, sikufundishi kitu nilichokisoma kitabuni.

Nilirudi Mikindani mwaka uliofuata na ndoo mbili. Ya mikoko peke yake, ya mchanga peke yake. Nilichofanya nitakieleza taratibu, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Kloridi ya magnesi, gramu 75 kwenye lita moja ya maji yasiyo na chumvi, ukayachanganya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Mnyoo akiingia humo mwanzo anajikunja, anapiga mkia, halafu polepole analegea. Baada ya dakika kama ishirini unamgusa kichwani kwa kijiti wala hashtuki, na vipapasio vyote vitano vimelala vimenyooka. Hapo chukua wembe mpya. Kata kipande cha mkia, kama nusu ya ukucha wa kidole kidogo, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Mwili uliobaki ndio unaokwenda kwenye formalini, baadaye uhamie ethanoli ya asilimia 70. Namba ya mkia na namba ya mwili ni moja. Wembe upitishe motoni kabla ya mnyoo mwingine, usije ukambeba huyu ukampeleka kwa yule.

Herufi ziliporudi, zilijigawa makundi mawili, mbali kabisa, na mpaka ulipita kati ya ndoo yangu moja na nyingine. Nililia pale pale mbele ya kompyuta, sioni haya kusema. Yule kaka wa chambo alikuwa ameshaniambia.

Lakini usidhani vinasaba ndivyo vilivyonipa jina. Nilipozipeleka herufi zangu GenBank, hazina ya kimataifa ya vinasaba, jina la kwanza kurudi lilikuwa lile lile, sanguinea, kwa sababu kuna mtu mahali fulani alifanya kosa langu kisha akaliweka hazina. Ilibidi nirudi kwenye hadubini. Ukikata mguu mmoja wa mnyoo, ukaulaza kwenye tone la gliserini na kuufunika kwa kioo chembamba, utaona kati ya sindano ndefu, yaani vinywele vigumu vya mguu huo, kuna vitana vidogo mno. Kwa minyoo wa mchanga vilikuwa na meno mengi membamba. Kwa wa mikoko, kwenye pingili za nyuma, meno yalikuwa machache na manene kama ya chanuo la nywele ngumu. Nilikuwa nimevitazama vitana hivyo 2018 nikaviona ni kitu kimoja, kwa sababu nilishaamua ni kitu kimoja. Jihadhari pia na mahali matamvua yanapoanzia: mnyoo mdogo na mkubwa wa spishi moja wanaweza kutofautiana, kwa hiyo pima upana wa mwili kabla hujatangaza lolote.

Wapo watakaokwambia maumbile ni elimu ya wazee, siku hizi ni mashine tu. Wapo watakaokwambia macho yanatosha. Usiwasikilize wote wawili. Mwaka 1976 Grassle na Grassle walionyesha kwamba Capitella capitata, mnyoo aliyedhaniwa ni spishi moja, alikuwa na spishi sita ndani yake ambazo kwa macho hazitofautiani kirahisi; walizigundua kwa vimeng'enya. Macho yana mwisho. Na herufi zisizo na mwili uliohifadhiwa nazo hazina wa kuziulizia siku zikitiliwa shaka. Sisi watoto wa pwani tumezaliwa juu ya matope haya. Ni aibu, nasema aibu, minyoo wetu kuendelea kubeba majina ya kuazima kwa sababu tu hatukukata kipande cha mkia. Kata mkia. Andika namba. Tenga ndoo.

Makala yangu ya pili ilikubaliwa mwezi uliopita. Mpaka itoke sitataja majina yaliyomo, lakini yako mawili, na sanguinea halimo.

Sasa wewe, mdogo wangu. Wale arobaini usiwatupe. Chora taya zao, hesabu pingili, piga picha vitana, hiyo ni nusu ya tasnifu tayari. Kwa nusu iliyobaki unahitaji minyoo kumi wapya kutoka tope lile lile. Mwombe msimamizi wiki mbili, na ukimweleza kwa heshima atakupa. Bamvua lijalo nitakuwa Lindi kwa dada yangu. Tukutane asubuhi kwenye pantoni tuvuke wote Kitunda. Ethanoli nitaleta mimi. Wewe njoo na ndoo mbili, wembe mpya, na penseli ya kuandikia lebo, maana wino wa kalamu ya kawaida unafutika ndani ya ethanoli.