Maswali yenu kuhusu Maria Klawe

Safari iliyopita nilimtaja Profesa Maria Klawe, mwanasayansi wa kompyuta aliyekuja kuongoza chuo. Maswali yamemiminika, nimechukua manne.

*Alisomea uongozi? (Mwanafunzi, Morogoro)*

Hapana, mwanangu. Alizaliwa Toronto, Kanada, 1951, akapata udaktari wa hisabati Chuo Kikuu cha Alberta 1977, kisha akahamia kompyuta na kufanya utafiti kampuni ya kompyuta ya IBM. Mwaka 1988 akawa mkuu wa idara ya kompyuta Chuo Kikuu cha British Columbia, baadaye mkuu wa kitivo cha sayansi hapohapo. Mwaka 2003 akaongoza kitivo cha uhandisi Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Kuanzia 2006 hadi 2023 alikuwa rais wa Harvey Mudd, chuo kidogo cha sayansi na uhandisi kule California, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Kwetu tungemwita makamu mkuu wa chuo.

*Darasani kwangu wasichana wa kompyuta hawafiki watano. Kwake ilikuwaje? (Mwalimu, Mbeya)*

Hapo ndipo ninapompendea, mwalimu mwenzangu. Alipofika Harvey Mudd, wasichana walikuwa kama asilimia 10 ya wanaochukua shahada ya kompyuta. Miaka michache baadaye walikaribia asilimia 40. Yeye aliwaunga mkono walimu wa idara, nao wakalifumua somo la mwaka wa kwanza. Waliacha Java, wakachukua Python, zote lugha za kuandikia programu. Tazama tofauti: ukitaka kompyuta iandike "Habari" kwa Java, unamtwisha mgeni mistari kadhaa asiyoielewa, kwa Python ni print("Habari"), basi. Kisha wakagawa madarasa: waliowahi kuandika programu kwao, wasiowahi kwao. Na yule kijana anayejibu kila swali kabla wengine hawajafikiri, mwalimu alimwita pembeni kwa upole, akamwambia anafurahia mazungumzo yao, ila wayaendeleze nje ya kipindi.

Ulizoea kudhani wasichana hawapendi kompyuta? Wapo wengi waliotishwa siku ya kwanza tu, na mimi nimewaona.

*Wavulana waliokwisha kujua hawakupunjwa? (Msomaji, Kisumu)*

La. Darasa lao lilikwenda mbali zaidi.

*Nimepewa ukuu wa idara, naona aibu kuuliza mshahara. (Mhadhiri, Dodoma)*

Dada yangu, uliza kabla ya kusaini. Mwaka 2014, kwenye kongamano la wanawake wa kompyuta huko Phoenix, bosi wa Microsoft, Satya Nadella, alisema wanawake wasiombe nyongeza, wauamini mfumo. Klawe, aliyekuwa akimhoji jukwaani na pia mjumbe wa bodi ya kampuni hiyohiyo, alimpinga palepale, ukumbi ukapiga makofi. Akasimulia kwamba kazi ya Princeton aliikubali kabla ya kujua watamlipa kiasi gani, na anaamini alipoteza takriban dola 50,000. Nadella aliomba radhi siku hiyohiyo.

Waandikie leo, uwaombe kiwango kwa maandishi.