Ruta moja, slabu mbili: ninunue ipi kwa bajeti ndogo?

SWALI: Nyumba yetu ina sakafu ya chini na ghorofa mbili juu yake. Intaneti ni ya faiba, megabiti 50 kwa sekunde, na ruta tuliyopewa na mtoa huduma imekaa sebuleni, chini, nyuma ya televisheni. Hapo chini mambo ni shwari. Ghorofa ya kwanza video zinakwama-kwama. Juu kabisa, kwenye chumba anachosomea binti yangu, simu inaonyesha kijiti kimoja na darasa la mtandaoni linakatika kila mara. Nimeonyeshwa ruta ya Wi-Fi 6 yenye antena nane, naambiwa inafika nyumba nzima. Itameza karibu fedha zote nilizotenga. Niinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, usiinunue kwanza. Sisemi ni ruta mbovu; huenda ni nzuri sana. Ila ugonjwa wako ni slabu, yaani zile sakafu za zege kati ya ghorofa, na dawa uliyoandikiwa ni antena.

Wi-Fi ni redio. Mawimbi yake hupita hewani bila taabu, hupita mlango wa mbao na ukuta wa jasi bila kupoteza kitu kikubwa, huanza kuchoka kwenye tofali, na yakikutana na zege lenye nondo huacha nguvu nyingi humo humo. Ndani ya nyumba ya ghorofa, sakafu ndiyo ukuta mgumu kuliko zote: zege, wavu wa nondo, vigae kwa juu, dari kwa chini. Binti yako yuko nyuma ya sakafu mbili za namna hiyo. Tena kama chumba chake hakipo juu ya sebule moja kwa moja, mawimbi yanaikata slabu kwa mshazari, na zege likikatwa mshazari ni nene zaidi kuliko likikatwa wima.

Sasa hizo antena nane. Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa umbo la tairi lililolazwa chini, antena yenyewe ikiwa imepita katikati ya tundu. Pembeni mawimbi ni mengi; juu na chini ya ncha za antena ni haba. Kwa hiyo ruta yenye antena zote zimesimama kama askari gwarideni inahudumia sakafu yake vizuri, na ghorofa za juu zinapata masalio. (Kama ruta uliyo nayo sasa ina antena za nje zinazokunjika, laza moja au mbili mlalo. Ni bure, na mara nyingine tofauti inaonekana papo hapo.) Antena nyingi husaidia ruta kubeba mikondo kadhaa ya data kwa pamoja, lakini simu nyingi zina antena mbili tu za Wi-Fi, na hazitatumia zaidi ya mikondo miwili hata ukiweka ruta yenye antena kumi na sita.

Kuna jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye boksi. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria. Ulaya, kwa mfano, kikomo kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ni miliwati 100, iwe ruta ya bei ya kutupa au ya bei ya kutisha. Halafu Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili: ruta inasema, simu inajibu. Ruta ikipaza sauti hadi ghorofa ya pili, simu ya binti yako bado itajibu kwa kunong'ona, na jibu lisipofika chini, data inarudiwa tena na tena. Ndiyo maana mtu huona vijiti vitatu kwenye kioo na ukurasa haufunguki.

Kabla ya kutoa hata senti, pima. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo, upime kasi. Ukipata karibu 50, basi huduma inayoingia nyumbani ni nzima na tatizo ni la ndani. Ukipata 12, hakuna ruta duniani itakayokuokoa. Mpigie mtoa huduma. Kisha weka kwenye simu programu ya kupima mawimbi ya Wi-Fi, ile inayoonyesha namba za dBm, utembee nayo chumba kwa chumba. Namba hizo ni hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo zilivyo bora. -50 ni nzuri sana. -67 ndipo ningeweka mstari kwa simu za video. -80 ni kubahatisha. Kila ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu, hivyo kati ya -67 na -76 hujapoteza kidogo: umebaki na moja ya nane. Andika namba za kila chumba kwenye karatasi.

Baada ya hapo, ondoa ruta nyuma ya televisheni. Televisheni ni bamba kubwa la chuma na vifaa vya umeme; ni kama kumwambia mtu ahutubie akiwa ameangalia ukuta. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambako ruta ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na swichi kuu za umeme, na wenyewe walikuwa wanapanga kununua ya pili. Tuliitoa tu, tukaiweka juu ya rafu kando ya ngazi. Siku hiyo hawakununua kitu. Ngazi, kwa taarifa yako, ni rafiki mkubwa wa Wi-Fi, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo slabu ina tundu kubwa.

Mahali pazuri zaidi pa ruta moja kwenye nyumba yako ni ghorofa ya kwanza, karibu na ngazi: slabu moja kwenda juu, moja kwenda chini. Kuipeleka huko usiguse waya wa faiba wenyewe. Ndani yake ni kioo, ukiukunja kona kali mwanga unavuja na intaneti inakufa. Kama kifaa cha faiba na ruta ni vitu viwili tofauti, acha cha faiba pale pale na upandishe ruta kwa kebo ya mtandao. Kama vyote viwili ni boksi moja, basi boksi libaki chini.

Na hapo ndipo fedha zako zinapopata kazi ya maana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa bei ya ile ruta ya antena nane, mara nyingi utapata kebo ndefu na ruta ndogo mbili, au moja na chenji. Pitisha kebo kutoka ruta ya chini hadi juu: kupitia bomba la waya lililopo ukutani kama lina nafasi na halibebi nyaya za umeme, pembeni mwa ngazi ndani ya mfereji wa plastiki, au kwa nje ya ukuta ukitumia kebo iliyotengenezwa kwa jua na mvua. Si kazi ya kupendeza, najua. Lakini zege linalozuia mawimbi halina ubishi na waya: kebo ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba yako haifiki huko. Dai ya shaba tupu. Kuna za bei rahisi ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hukatika upesi zikikunjwa na hupoteza zaidi kwenye urefu mkubwa.

Ruta ya juu usiiache ifanye kazi kama ruta. Iweke kwenye hali ya aksesi pointi, yaani igawe Wi-Fi tu na iache mambo mengine kwa ile ya chini. Ruta nyingi za leo zina chaguo hilo kwenye mipangilio. Isiyo nalo, zima huduma yake ya DHCP, ile inayogawa anwani. Ipe anwani isiyogongana na ya chini, mathalani 192.168.1.2 kama ya chini ni 192.168.1.1 na haigawi hiyo ya 2 kwa kifaa kingine. Halafu chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba), si la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje). Watu wengi hukosea hapo, wanajikuta na mitandao miwili inayopishana na printa isiyoonekana. Jina la Wi-Fi na nywila vifanane na vya chini. Chaneli zitofautiane: kwenye gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa sababu hizo tatu hazipandani.

Ndiyo, hii inamaanisha ruta kuukuu iliyolala kwenye droo inaweza kutosha. Irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, pakua sasisho la mwisho la programu yake, badilisha nywila ya msimamizi, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN. Kama haina angalau WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, iache ilale.

Kama kebo haiwezekani kabisa, labda nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya misumari, una njia tatu, nami nazipanga kwa upendeleo wangu. Kwanza, kama vyumba tayari vina waya wa antena ya televisheni usiotumika, kuna vifaa vya MoCA vinavyopitisha mtandao humo kwa kasi nzuri. Pili, meshi, yaani seti ya ruta ndogo zinazopokezana mawimbi, ya vipande vitatu au viwili, kimoja kikae ghorofa ya kwanza karibu na ngazi ili kila kipande kivuke slabu moja tu. Kosa la kawaida ni kuweka kipande cha pili ndani ya chumba chenye shida. Huko mawimbi hayafiki. Nacho kitapokea nini cha kugawa? Tatu, vifaa vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme. Nyumba moja vinafanya maajabu, nyingine vinakataa, hasa soketi zikiwa kwenye fezi tofauti, kwa hiyo nunua tu ukiwa na ruhusa ya kurudisha. Ripita ya kuchomeka ukutani nimeiacha nje ya orodha makusudi. Ile ya kawaida hupokea na kurusha kwa redio ile ile, na kasi hukatika karibu nusu.

Tuje kwenye ununuzi wenyewe. Namba kubwa kwenye boksi ni hesabu ya kujumlisha. AX1800 maana yake ni takriban megabiti 574 kwa sekunde kwenye gigahezi 2.4 na 1201 kwenye gigahezi 5, zikajumlishwa na kukadiriwa kwenda juu. Hakuna kifaa kitakachopata zote mbili kwa mkupuo, na hata hiyo nusu ni ya maabara. Wewe una megabiti 50. Ruta ya Wi-Fi 5, kizazi kilichotangulia Wi-Fi 6, ya daraja la AC1200 inazimudu bila kutoka jasho. Wi-Fi 6 ya daraja la chini, AX1500 au AX1800, ningeichukua tofauti ya bei ikiwa ndogo, kwa sababu inapanga foleni vizuri zaidi vifaa vikiwa vingi na huja na WPA3, ulinzi mpya kuliko WPA2. Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa vyeti rasmi mwaka 2024, waachie wenye vifurushi vya gigabiti na fedha za kuchezea.

Angalia poti, yaani matundu ya kuchomeka kebo. Ruta nyingi za AC1200 za bei ya chini zina poti za megabiti 100 tu. Kwa kifurushi chako cha leo zinatosha, ila siku ukipanda hadi 200, ruta hiyo itakubakisha kwenye 100 na utamlaumu mtoa huduma bure. Poti za gigabiti zikiongeza bei kidogo tu, lipa. Hakikisha pia ina masafa yote mawili: 2.4 huvuka zege vizuri zaidi lakini ni ya polepole na ina msongamano, hata maikrowevu inalia humo humo. 5 ni ya kasi lakini slabu inaichosha mapema. Kukiwa na kifaa kila ghorofa, ile 5 ndiyo itakayombeba binti yako.

Ukishafunga, utakutana na usumbufu mmoja. Atapanda ngazi na simu itaendelea kung'ang'ania ruta ya chini, ingawa ya juu iko mita mbili kutoka alipo. Anayeamua kuhama ni simu, na simu nyingi huhama tu mawimbi yakiwa mabovu hasa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya chini, tafuta nguvu ya urushaji, uishushe kutoka juu hadi kati, kisha apande tena uone.